Jean de Heinzelin na makombe ya Ishango

Kijana mmoja alikuja pa buro yetu ya sendika hapa Goma na jiwe zito la rangi ya kutu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ametoka kumsalimia mjomba wake Kyavinyonge, kule wanakovua samaki kwenye Ziwa Edward. Ndani ya jiwe lile kulionekana kombe zima, na mistari yake yote, lakini limegeuka jiwe. Yeye ni mtu wa kasiterite, amezoea kupima kila kitu kwa mkono, kwa hiyo akauliza ile ni madini gani na kilo inaenda bei gani. Tulimjibu kwamba hakuna negosian wa kuinunua. Lakini hatukumwacha aende hivi hivi, juu kulikuwa na mtu ambaye aliacha sehemu kubwa ya maisha yake kwenye mawe ya namna ile, na jina lake linatajwa kila mara Ishango inapotajwa. Aliitwa Jean de Heinzelin de Braucourt.

Alizaliwa mwaka 1920, Mbelgiji, na alikufa mwaka 1998. Alifanya kazi kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia kule Brussels, na alifundisha kwenye vyuo vikuu vya Gand na Brussels. Kazi yake ilikuwa jiolojia, ila si jiolojia ile tunayoiona kwa makampuni. Hakufuata filo ya dhahabu. Alisoma tabaka: mchanga uko juu ya nini, majivu ya volkano yalianguka lini, ziwa lilipanda mpaka wapi kisha likashuka. Mchimbaji anamwelewa mtu wa namna hiyo bila shida, kwa sababu hata sisi, tukishuka shimoni, tunasoma ukuta kabla ya kupiga nyundo.

Ilianza namna gani mpaka akafika kwetu? Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilikata eneo kubwa la ardhi yetu na kuliita Parke Albert, ile tunayoiita leo Virunga. Watu waliokuwa wakiishi humo na kulisha ng'ombe humo walifukuzwa, na hilo jambo bado linauma mpaka leo. Wataalamu, wao, waliingizwa. Mmoja wao aliitwa Hubert Damas. Alikuja mwaka 1935 kuchunguza maji ya maziwa, si mifupa. Lakini pale Ishango, mahali Semliki inapotoka ndani ya Ziwa Edward kuelekea Ziwa Albert, aliona mifupa na vyusa vya mfupa vikitokeza kwenye ukingo. Alivikusanya, akavipeleka Ubelgiji. Kisha vita vya Ulaya vikaja, mambo yakasimama.

Mwaka 1950 de Heinzelin akafika Ishango kuchimba. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Na uchimbaji wake tunataka kuueleza kidogo, juu ndiyo ufundi wake wote.

Sisi tunachimba kufikia kitu, na kile kilicho juu ya kitu hicho tunakitupa. Yeye alichimba kinyume. Kila tabaka alilifungua peke yake, akaandika kina chake, rangi yake, kilichomo ndani, ndipo akashuka kwa lingine. Chusa kilichotoka chini hakikuchanganywa na kile cha juu. Wale wanaofanya kazi kwenye maeneo yenye etiketi watasema ni sawa na mfuko wa koltani: ukiutenga na etiketi yake, bado ni koltani, lakini hakuna mtu wa kujua tena umetoka shimo gani. Mfupa uliotengwa na tabaka lake unakuwa hivyo hivyo.

Kwa njia ile aliona mambo ambayo mtu wa haraka angeyapita. Vyusa vya tabaka za chini vilikuwa na meno pande zote mbili. Vile vya juu vilikuwa na meno upande mmoja tu. Maana yake ni kwamba watu wale hawakupita pale siku moja. Walikaa, walirudi, watoto wakajifunza kwa wazee wao na kubadilisha kidogo chombo cha kazi. Walikula samaki, wakawinda kiboko na wanyama wa porini, na makombe yalibaki mengi kati ya takataka zao. Kisha majivu ya volkano yakafunika makao yao. Watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa hiyo ni nini.

Katika tabaka kubwa la wavuvi wale ndipo kilipotoka kipande cha mfupa cha rangi ya kahawia, urefu wa sentimita 10 hivi, chenye kijiwe cheupe kimepachikwa kwenye ncha. Juu yake kuna mikato midogo, iliyopangwa kwa safu tatu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha, kila moja inatoa 60. Ya tatu ina makundi manane, yanayoanza na 3 na 6, kisha 4 na 8, na jumla yake ni 48. De Heinzelin aliona humo hesabu. Mwingine, Mmarekani Alexander Marshack, baadaye akaona humo kalenda ya mwezi. Wengine wanasema ni mikato ya kushika vizuri mpini, basi. Sisi hatutaingia katika ugomvi huo. Kila mwanafunzi wa Kivu anayesikia habari ya mfupa wa Ishango anaisikia kwa sababu mtu yule aliandika ulitoka tabaka gani.

Mfupa huo uko Brussels mpaka leo, kwenye taasisi yake. Hatuongezi neno hapo, wasomaji wanajua tunavyofikiri.

Sasa turudi kwa jiwe la kijana.

Kombe lile ni la kome, mnyama laini wa majini mwenye makombe mawili yaliyounganishwa mgongoni kama kitabu. Wako wa baharini, na wako wa maji matamu, wa mito na maziwa, na hawa wa maji matamu ni ukoo wa pekee. Kwa nje wanafanana sana. Ukitaka kuwatenga, unafungua na kutazama bawaba: wengine wana meno ya kufungia, makubwa na makali, wengine meno madogo mengi, wengine hawana kabisa. Kwetu Afrika kuna familia inayoitwa Unionidi, ambayo iko karibu ulimwengu mzima. Kuna Iridinidi, ambao kome aitwaye Mutela ni mmoja wao, na hawa ni wa Afrika tu. Na kuna Etheria, ambaye anajigandisha kwenye mwamba kwenye maji ya kasi, kombe lake halina umbo la kueleweka, kila moja limepinda kufuata jiwe lililolishikilia.

Huyo Etheria, na kome wengine pia, waliwasumbua wataalamu sana. Katika karne ya 19, Mfaransa mmoja, Bourguignat, alikuwa akipokea makombe yaliyotoka maziwa yetu, hasa Tanganyika, na kila lililopinda tofauti kidogo akalipa jina jipya. Majina yakawa mamia. Ni sawa na kuwapa watoto wa mama mmoja makabila tofauti kwa sababu mmoja ana pua ndefu. Ilibidi wengine waje kufuta majina yale moja moja. Mwaka 1927 Pilsbry na Bequaert walitoa kitabu kikubwa juu ya konokono na kome wa maji ya Kongo, na Bequaert huyo alikuwa ametembea humu mwenyewe na kuwaona wakiwa hai.

Kuna njia ingine ya kuwatenga ambayo haimo ndani ya kombe. Mtoto wa kome hawezi kuishi peke yake. Lazima apande juu ya samaki. Watoto wa Unionidi wanashika mashavu au mapezi ya samaki kama kibano. Watoto wa Mutela wanafanya kingine kabisa, na aliyeonyesha hivyo ni Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya kazi Jinja, Uganda, akaandika mwaka 1961: wanatia mizizi ndani ya ngozi ya samaki na kunyonya humo mpaka wawe tayari kuanguka chini. Familia mbili, makombe karibu sawa, ulezi tofauti. Na ndiyo maana kome anasema habari za samaki pia. Mahali samaki wake wamekwisha, yeye naye anazeeka bila mtoto.

Hii ndiyo mali aliyoikusanya de Heinzelin kando ya vyusa. Kwa sababu chini ya tabaka za wavuvi, ukifuata Semliki, kuna tabaka nyingine za zamani sana, zenye mawe mekundu ya chuma yaliyojaa makombe. Upande wa Uganda ziliitwa Kaiso, kwa jina la kijiji kimoja cha Ziwa Albert. Upande wetu wataalamu walikuja kuziita Lusso. Umri wake unapita miaka milioni 2. De Heinzelin hakujifanya kujua kila kitu. Alipeleka makombe yale kwa mwenzake wa taasisi ile ile, William Adam, mtu wa konokono na kome, na Adam akayapanga na kuyapa majina katika vitabu vya mwaka 1957 na 1959. Humo kuna kome ambao hakuna mvuvi wa leo aliyewaona, kwa mfano wale alioupa ukoo wao jina la Pseudobovaria: wanene, wazito, wa Unionidi, na wamekwisha.

Walikwisha kwa nini? Zamani, kabla ya Ruwenzori kuinuka juu sana, bonde hili lilikuwa na ziwa moja refu kutoka upande wa Edward mpaka upande wa Albert. Wataalamu waliokuja baadaye waliliita Obweruka. Ardhi ilipopasuka na mlima kupanda, ziwa likakatwa vipande, maji yakapungua, yakarudi, chumvi ikazidi mahali pengine. Kome hakimbii. Kama maji yake yanabadilika, yeye hubadilika au hufa pale pale alipo, na kombe lake hubaki ndani ya tabaka kama barua. Mwingereza Peter Williamson, aliyesoma makombe ya Turkana kule Kenya na kuwashangaza watu mwaka 1981 kwa kusema kwamba maumbo yalibaki sawa muda mrefu kisha yakageuka upesi, alikuja kusoma ya Semliki pia.

Ni hapa maisha ya de Heinzelin yanatugusa sisi wa sendika, kwa sababu makombe hayo hayo, yale ya karibu, ya wavuvi wa Ishango, yalimwambia jambo moja naye akalikataa.

Miaka ya 1950 ufundi wa kaboni 14 ulikuwa bado mpya. Kila kilicho hai kinaingiza kaboni hiyo kidogo. Kikifa, inaanza kupungua, na kila miaka 5,730 inabaki nusu. Ukipima iliyobaki, unajua kilikufa lini. Makombe ya Ishango yalipopimwa, yalitoa umri wa miaka 21,000 hivi.

De Heinzelin hakuamini. Na tuseme ukweli, sababu yake haikuwa ya kijinga. Mtu wa Goma ataielewa kuliko msomi wa Ulaya. Tunajua mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mashimoni, inayoua mbuzi na saa ingine mtoto. Hewa ile ni kaboni ya volkano, imekaa chini ya ardhi muda mrefu mno, kaboni 14 ndani yake imekwisha kabisa. Sasa kome anajenga kombe lake kwa kile kilichomo ndani ya maji. Ikiwa hewa ya namna ile inaingia ziwani, kome anajenga kombe kwa kaboni iliyozeeka, na kombe linazaliwa tayari na miaka isiyo yake. Ukilipima, litakudanganya. De Heinzelin alifikiri kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea karibu na volkano za Edward. Akaweka pembeni hesabu ya makombe, akawapa wavuvi wa Ishango umri mwingine: kati ya miaka 9,000 na 6,500 kabla ya Kristo. Hivyo ndivyo ilivyosomwa ulimwenguni mwaka 1962, alipoandika habari ya Ishango kwenye gazeti kubwa la sayansi la Marekani. Na hivyo ndivyo ilivyoingia kwenye vitabu.

Kwa sendika, kuhesabu miaka ya mtu vibaya si jambo dogo. Tulikuwa na mzee mmoja, hatumtaji, ambaye alifanya kazi miaka 26 kwa kampuni moja, nayo hatuitaji. Siku ya kumtoa, karatasi zikaonyesha 9. Si kwamba mtu alimchukia. Daftari la zamani halikuaminiwa, basi, na aliyekuwa mezani aliona ni salama zaidi kuandika kile alichoweza kukishika. Tulipigana miezi mingi. Kwa hiyo tunaposoma kwamba wavuvi wale walikatwa zaidi ya miaka 10,000 na mtu mwangalifu, mwenye nia njema, na sababu ya maana, hatushangai hata kidogo. Hivyo ndivyo inavyofanyika mara nyingi zaidi kuliko kwa wizi.

Miaka ya 1980 ekipi ya wataalamu, iliyoongozwa na Mmarekani Noel Boaz, ilirudi Semliki. Alison Brooks, mwanamke Mmarekani wa kuchimbua mambo ya kale, na mwenzake Catherine Smith, walichukua tena swali la umri. Walirudi kwa makombe. Hawakuuficha ule wasiwasi wa maji ya volkano. Waliupima, wakaongeza vitu vingine vya kulinganisha. Waliandika mwaka 1987. Hesabu ikasimama kwenye miaka 20,000 na zaidi. Kosa la maji lilikuwa dogo kuliko de Heinzelin alivyoogopa, na makombe yalikuwa yamesema karibu sawa tangu mwanzo.

Hiyo inageuza mambo. Miaka 8,000 kabla ya Kristo, wavuvi wenye vyusa walikuwa sehemu nyingi. Miaka 20,000 iliyopita, watu wa kupanga mikato kwa hesabu kwenye mfupa walikuwa wachache sana popote. Na ekipi ile ile ya Semliki ilipata Katanda, kilomita chache chini ya mto, vyusa vingine vya mfupa ambavyo Brooks na John Yellen walivitangaza mwaka 1995 kuwa na miaka 90,000 hivi. Juu ya hivyo bado kuna mabishano.

Na de Heinzelin mwenyewe? Hakukaa nyumbani kulinda hesabu yake. Alikuwa amepita Nubia, wakati Misri ilipojenga lambo la Aswan na wataalamu wakikimbia kuokoa vitu kabla ya maji kupanda. Kule alichora tabaka za Nile. Alikuwa amefanya kazi bonde la Omo, Ethiopia, akipanga tabaka moja moja ili wengine wajue mifupa yao ina umri gani. Alirudi kwa habari za Semliki pamoja na wale vijana wa miaka ya 1980, jina lake likiwa kati ya majina yao kwenye karatasi ya Senga, mahali penye vyombo vya mawe vya zaidi ya miaka milioni 2, humo humo ndani ya tabaka za makombe mekundu. Mwaka 1996, akiwa na miaka 76, yeye na Jacques Verniers walitoa kitabu juu ya Semliki ya juu, kilichochapwa na jumba la makumbusho la Tervuren. Mtu aliyefika pale na miaka 30 alikuwa bado anaandika juu ya ukingo ule ule wa mto.

Miaka yake ya mwisho alikuwa Ethiopia tena, mahali paitwapo Bouri, kwenye bonde la Awash, pamoja na ekipi ya Desmond Clark na Tim White. Kule kulionekana mifupa ya wanyama ya miaka milioni 2.5, yenye alama za kukatwa kwa jiwe na kuvunjwa ili kutoa urojo. Alikufa Novemba 1998. Karatasi ya Bouri ilitoka kwenye gazeti la Science Aprili 1999, na jina la kwanza juu yake ni lake.

Kijana alirudi kwetu wiki iliyofuata. Tulimwambia mjomba wake alirudishe jiwe pale lilipotoka, kama anakumbuka vizuri mahali. Alisema mjomba anakumbuka: ni chini ya ukingo, upande ule wanaoanika nyavu, kina cha mkono mmoja na nusu kutoka majani. Tukaandika hivyo kwenye daftari la sendika, na tarehe.